Kabla hujampaka mtoto losheni, jua ilivyotengenezwa

Mzazi, chukua chupa ya losheni unayompaka mwanao kila ukimaliza kumwogesha. Igeuze, usome yale maandishi madogo ya nyuma. Katika chupa nyingi, neno la kwanza kwenye orodha ya viambata ni “Aqua” au “Water”, yaani maji. Kwa kawaida viambata hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, hivyo sehemu kubwa ya kile ulichonunua ni maji. Katika losheni nyingi maji huwa kati ya asilimia 60 na 80.

Hujaibiwa. Losheni ndivyo ilivyo. Ila hayo maji ndiyo sababu ya makala ya leo, kwa kuwa palipo na maji, vijidudu huzaliana.

Fikiria tui la nazi. Tui ni mafuta na maji yaliyoshikana. Ukilichuja asubuhi ukaliacha mezani, jioni utakuta limejitenga, mafuta juu na maji chini, na harufu imeshaanza kubadilika. Losheni nayo ni mafuta na maji yaliyoshikana, lakini hukaa dukani kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa mwaka mmoja au miwili bila kujitenga wala kuchacha.

Hilo halitokei lenyewe. Kuna kazi kubwa inayofanyika kiwandani. Ukiielewa, utajua kwa nini losheni iliyokorogwa kwenye ndoo uani si sawa nayo. Utajua pia namna sisi wenyewe nyumbani tunavyoweza kuiharibu kazi hiyo kwa dakika moja.

Kila kitu huanza na maji

Kiwanda makini hakitumii maji ya bomba moja kwa moja. Maji huchujwa, hupitishwa kwa shinikizo kwenye utando unaozuia chumvi na uchafu, kisha mara nyingi hupitishwa chini ya taa maalumu ya kuua vijidudu. Hata yakishasafishwa hayaachwi yatulie kwenye bomba, kwa sababu maji yaliyotuama hujenga utando telezi ukutani, kama ule unaouona ndani ya ndoo isiyosuguliwa. Humo hujificha bakteria.

Bakteria anayeogopwa zaidi na watengenezaji wa vipodozi anaitwa Pseudomonas aeruginosa. Anapenda maji na huishi kwa chakula kidogo sana. Mtu mzima mwenye ngozi nzima anaweza asidhurike. Lakini akiingia kwenye jicho lenye mkwaruzo, kwenye jeraha la moto, au kwenye kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari, anaweza kuleta maambukizi mabaya, na baadhi ya dawa za kawaida hazimwezi.

Mizani na lebo: funzo kutoka Ufaransa

Baada ya maji hufuata malighafi. Kila mfuko na kila pipa likifika kiwandani hutengwa kwanza, huchukuliwa sampuli, hupimwa, na hubandikwa lebo ya kuruhusiwa kutumika. Wakati wa kupima uzito, mtu mmoja hupima na mwingine huhakiki, kisha wote hutia saini.

Unaweza kuona kama ni urasimu. Mwaka 1972 nchini Ufaransa, watoto wachanga walianza kufikishwa hospitalini wakiwa na vidonda makalioni, kisha degedege, wengine wakipooza na kupoteza fahamu. Madaktari walihangaika kutafuta ugonjwa gani huo. Mwishowe ikabainika kwamba chanzo ni poda ya watoto iliyoitwa Morhange. Wakati wa kuitengeneza, dawa kali ya kuua vijidudu iitwayo heksaklorofeni ilikuwa imechanganywa ndani yake kwa makosa, kwa kiwango cha takriban asilimia 6. Dawa hiyo hupenya ngozi ya mtoto na kushambulia ubongo. Watoto 36 walifariki dunia.

Hakuna aliyekusudia kuua. Kitu kilichopaswa kukaa mbali na poda kiliingia kwenye poda, na hapakuwa na hatua ya kukinasa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1975, Ufaransa ilitunga sheria ya kusimamia vipodozi. Saini mbili kwenye karatasi ya mizani na lebo kwenye kila pipa vipo ili jambo kama lile lisijirudie.

Pilau ya watu 10 si pilau ya watu 500

Sasa tuingie kwenye kuchanganya. Mafuta, nta na kiunganishi huyeyushwa kwenye tangi moja. Maji hupashwa moto kwenye tangi jingine, pamoja na unga wa kuifanya losheni iwe nzito. Unga huo hunyunyizwa polepole huku maji yakikorogwa. Ukimwagwa wote kwa mpigo hutoa mabonge, kama unga wa uji ulioingizwa vibaya.

Matangi yote mawili yakifika joto la nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, huunganishwa. Mashine yenye kichwa kinachozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika huyapasua mafuta kuwa matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Kiunganishi huyazunguka matone hayo ili yasirudi kuungana. Hapo mafuta na maji hushikana kwa miezi mingi, jambo ambalo tui haliwezi.

Kisha huja hatua ambayo wengi hawaijui: kupoza. Sufuria ya lita 5 hupoa haraka. Tangi la tani 2 hubaki na moto katikati kwa saa nyingi, kwa sababu joto lina njia moja tu ya kutoka, nayo ni ukuta wa tangi. Ndiyo maana matangi ya kiwandani huwa na kuta mbili. Katikati ya kuta hizo hupitishwa maji ya moto wakati wa kupasha, na maji baridi wakati wa kupoza. Ndani kuna makasia yanayokwangua ukuta ili losheni isigande pembeni huku katikati ikichemka. Matangi mengine pia hufyonzwa hewa ili losheni isijae mapovu.

Manukato na baadhi ya vihifadhi, yaani dawa za kuzuia vijidudu kuota, huwekwa losheni ikishashuka hadi nyuzi 40 au 45 hivi. Vikiwekwa mapema, moto huvipunguza nguvu. Vikichelewa sana, losheni imeshakuwa nzito na vinaweza visisambae sawasawa. Chupa moja ikapata kihifadhi kingi cha kuunguza ngozi, nyingine isipate kitu.

Mpishi wa harusi anajua kwamba pilau ya watu 500 hupikwi kwa kuzidisha maji na chumvi ya pilau ya watu 10 mara 50. Moto, sufuria na muda vyote hubadilika. Losheni ni hivyo hivyo. Kiwanda makini hakitoki kwenye maabara ya lita 1 kwenda kwenye tangi la tani 2 kwa siku moja. Hujaribu kwanza kwa kiasi cha kati, hupima, hurekebisha, ndipo hupanda.

Losheni hukaa kizuizini

Losheni ikikamilika haipelekwi sokoni siku hiyo hiyo. Hupimwa uzito wake, rangi, harufu na kiwango cha pH. Halafu sampuli huwekwa kwenye chakula cha vijidudu maabara na kusubiriwa siku kadhaa ili kuona kama kuna kitakachoota.

Viwango vya kimataifa, ISO, vinatofautisha mtoto na mtu mzima. Kipodozi cha kawaida hakitakiwi kuwa na vijidudu hai zaidi ya 1,000 katika gramu 1. Kwa bidhaa za watoto wa chini ya miaka 3, na zile zinazopakwa karibu na macho, kiwango ni 100 tu. Baadhi ya vijidudu hatari, kama Pseudomonas niliyemtaja na Staphylococcus aureus, hawatakiwi kuonekana kabisa katika gramu hiyo.

Kabla bidhaa mpya haijaanza kuuzwa kuna mitihani mingine miwili. Katika mmoja, wataalamu huingiza vijidudu kwa makusudi ndani ya losheni na kuvihesabu kwa siku 28, kuona kama kihifadhi kinaweza kuvimaliza. Katika mwingine, losheni huwekwa kwenye joto, mara nyingi nyuzi 40 kwa miezi 3, ili kuona kama itajitenga au kubadilika rangi. Tarehe ya mwisho wa matumizi hutokana na vipimo vya aina hii.

Kila tangi linalotoka hupewa namba ya toleo, na chupa chache za toleo hilo hubaki kiwandani kama kumbukumbu. Mtoto wa Mwanza akipata madhara leo, namba hiyo inaweza kuonyesha ilitengenezwa siku gani, kwa malighafi ipi, na chupa nyingine za tangi lile zimekwenda wapi.

Usiogope neno kihifadhi

Wazazi wengi huuliza kama si salama zaidi kununua losheni isiyo na kihifadhi chochote. Swali ni zuri, kwa sababu kweli kuna vihifadhi vinavyoleta mzio. Kimojawapo, methilisothiazolinoni, kilipigwa marufuku Umoja wa Ulaya mwaka 2017 katika vipodozi vinavyopakwa na kubaki kwenye ngozi. Lakini losheni yenye maji bila kinga yoyote ni tui lililolala. Hatari ya vijidudu ni kubwa kuliko hatari ya kihifadhi kilichowekwa kwa kipimo sahihi.

Ukitaka kweli kuepuka vihifadhi, achana na bidhaa yenye maji. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato hayana maji, hivyo bakteria hawana pa kuzaliana, na kwa mtoto mwenye ngozi kavu au pumu ya ngozi yanafanya kazi nzuri kwa bei ndogo. Sharti ni moja: usichovye vidole vyenye maji ndani ya kopo. Ukiingiza maji, umeingiza vijidudu na kinywaji chao.

Tunavyoharibu nyumbani na sokoni

Kuna mazoea manne ninayoomba tuyaache.

La kwanza ni kuongeza maji kwenye losheni inayokaribia kuisha. Kihifadhi kilipimwa kwa kiasi kile cha losheni. Ukiongeza maji unakizimua, na maji yenyewe yamekuja na vijidudu vyake. Kata chupa kwa kisu, ukwangue iliyobaki.

La pili ni kununua losheni ya kupima. Muuzaji akikumiminia kutoka kwenye ndoo, umepoteza namba ya toleo, tarehe na orodha ya viambata. Na ile chupa ya maji ya kunywa uliyokwenda nayo, iliyosuuzwa haraka bombani, bado ina unyevu.

La tatu ni kuchanganya krimu mbili au tatu. Kila moja ina pH yake na kihifadhi chake. Vihifadhi vingine hufanya kazi kwenye uchachu tu. Ukichanganya na krimu isiyo na uchachu, vinalala. Kiunganishi nacho kinaweza kushindwa, mafuta na maji yakaachana.

La nne ni kuiacha losheni dirishani juani au ndani ya gari. Joto la huko huipita kwa mbali ile hali iliyopimiwa.

Mkorogo ni shida nyingine

Hayo yote yanahusu losheni ya kawaida iliyochanganywa vibaya. Mkorogo wa kung'arisha ngozi una tatizo zaidi ya vijidudu, kwani ndani yake mara nyingi kuna haidrokwinoni, zebaki au dawa za steroidi kama klobetasoli.

Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuiacha ngozi na madoa meusi ya kibuluu ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Steroidi kali huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta michirizi, na huficha fangasi huku ikisambaa chini kwa chini. Kwa mtoto ni mbaya zaidi. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, hivyo dawa nyingi huingia mwilini, na tezi zinazotengeneza homoni muhimu zinaweza kupunguza kazi yake.

Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na haibaki kwa aliyejipaka. Mwaka 2010, katika majimbo ya California na Virginia nchini Marekani, wachunguzi walikuta zebaki katika miili ya wanafamilia, watoto wakiwamo, ambao hawakuwahi kupaka krimu ile. Waliishi tu nyumba moja na anayeipaka. Mama, hata kama mtoto humpaki, unambeba, unamnyonyesha, mnatumia taulo na mto mmoja. Kama unatumia krimu ya kung'arisha usiyojua kilichomo, hili ndilo la kuacha leo. Na kama umeipaka kwa miezi mingi, usiache kimyakimya nyumbani, nenda kwa daktari. Steroidi ikikatishwa ghafla ngozi inaweza kuwaka na kuvimba, na unahitaji kusaidiwa.

Kwa anayetengeneza nyumbani

Najua baadhi yenu mnajipatia riziki kwa kutengeneza losheni na sabuni. Sisemi muache. Nasema muanze na bidhaa isiyo na maji, mfano mafuta ya mgando, kabla ya losheni. Msinunue kihifadhi kisicho na jina, wala kupima kwa kijiko. Tumieni mizani. Andikeni daftari la kila pishi: tarehe, malighafi, uzito, joto, aliyepima na aliyehakiki. Nendeni SIDO kwa mafunzo, na kwa Tanzania Bara nendeni TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo yenye jukumu la kusimamia usalama wa vipodozi, mpimiwe sampuli kabla ya kuuza. Na msianze na watoto. Bidhaa ya mtoto mchanga ndiyo yenye masharti makali kuliko zote.

Unapokuwa dukani

Tazama mambo haya kabla ya kulipa: jina na anuani ya mtengenezaji, orodha ya viambata, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na alama ya ubora ya nchi yako, TBS au KEBS. Tafuta pia kijipicha cha kopo lililo wazi chenye maandishi kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua. Andika tarehe hiyo kwenye chupa kwa kalamu.

Chagua chupa ya pampu au ya kubinya badala ya kopo la kuchovya. Kwa mtoto mwenye ngozi nyepesi kuwashwa, chagua isiyo na manukato. Ukiona “mercury”, “calomel”, “hydroquinone” au “clobetasol” kwenye krimu inayouzwa kama kipodozi, irudishe kwenye rafu. Na krimu isiyo na maandishi yoyote ichukulie kama yenye vyote hivyo.

Losheni iliyojitenga, iliyobadilika rangi au harufu, au yenye madoa ya ukungu, itupe hata kama imebaki nusu.

Lini uende hospitali

Acha kumpaka na umpeleke mtoto kituo cha afya akipata vipele vyenye usaha au maji, ngozi kuchubuka, jicho jekundu lenye matongo, au homa pamoja na vipele. Usisubiri asubuhi kama ana degedege, analegea, amevimba uso au miguu, au anapumua kwa shida. Mgonjwa wa kisukari, mwenye jeraha la moto, au anayetumia dawa zinazopunguza kinga asipake losheni kwenye kidonda bila kuambiwa na mtaalamu.

Na usiitupe chupa. Nenda nayo. Daktari ataona viambata, na namba ya toleo itawasaidia wahusika kuwafikia wazazi wengine wenye chupa za tangi hilo hilo. Wale wazazi wa Ufaransa mwaka 1972 walikuwa na poda nyumbani na hawakujua. Chupa utakayoibeba wewe inaweza kumwokoa mtoto wa jirani.